Kabla ya kuchagua mtutu, chagua kichwa cha risasi

Mwaka 1955 kampuni mbili za Marekani zilileta sokoni risasi mbili zenye vichwa vya kipenyo kilekile, milimita 6.2, na nguvu zilizokaribiana sana. Ya Winchester iliitwa .243 na ya Remington .244. Baada ya miaka michache, ile ya kwanza ilikuwa imejaa kwenye rafu za maduka ya wawindaji, na ya pili inafifia. Kilichoamua mchuano huo mnunuzi asingeweza kukiona kwa nje. Ndani ya mtutu wa Winchester, mifereji iliyochongwa kwenye chuma ilijisokota mzunguko mmoja kila inchi 10. Ndani ya ule wa Remington, kila inchi 12.

Tofauti ya inchi mbili ilitosha. Mtutu wa Winchester uliweza kurusha sawasawa kichwa cha gramu 6.5, kinachofaa kumwangusha kulungu. Wa Remington ulipangiwa vichwa vyepesi zaidi, vya wanyama wadogo waharibifu kama koyote. Wateja walitaka bunduki moja ifanye kazi zote mbili. Mwaka 1963 Remington waliibadili jina risasi yao, ikawa 6mm Remington, na msokoto ukakazwa hadi inchi 9. Soko lilikuwa limekwisha kuamua.

Zaidi ya nusu karne baadaye, swali ni lilelile kwa mwindaji wa Montana, Wyoming au Texas: mtutu upi utamfaa asubuhi anapomwita koyote kwenye nyika, na jioni anapopiga shabaha iliyo mbali mita mia nne au mia tano? Wengi huanza kwa kutazama urefu, uzito na bei ya mtutu. Fizikia inataka waanze kwingine, kwenye kichwa cha risasi, kwa sababu sifa nyingi za mtutu mzuri hutokana nacho.

Mnyama mdogo, nafasi ndogo

Koyote ni jamaa wa mbwamwitu na bweha, na uzito wake kwa kawaida ni kilo 9 hadi 16. Hapo zamani makazi yake yalikuwa nyika za kati na magharibi mwa Amerika Kaskazini. Mbwamwitu walipoangamizwa na misitu kufyekwa, alisambaa, na leo yuko kuanzia Alaska hadi Panama. Wafugaji wa kondoo humhesabu kuwa adui, na ngozi yake ya majira ya baridi ina soko.

Kwa mpigaji, maana yake ni shabaha ndogo inayohamahama, mara nyingi katika upepo na baridi kali. Bunduki inayotawanya risasi zake kwa dakika moja ya pembe huzitawanya kwa karibu sentimita 3 kwenye mita 100, na karibu sentimita 9 kwenye mita 300. Upepo ukiongezeka juu ya hapo, kosa dogo humwacha mnyama amejeruhiwa badala ya kufa papo hapo.

Kwa nini kichwa cha risasi kizungushwe

Kichwa kirefu chenye ncha kina kasoro ya kimaumbile: hewa hukisukuma kwa nguvu zaidi mbele ya kitovu cha uzito wake. Kikiachwa hivyo hivyo, kitapinduka na kuanza kubiringika. Mifereji ya mtutu hukizungusha, na mzunguko huo hukizuia kupinduka, kama pia ya watoto inavyosimama wima maadamu inazunguka. Kichwa kinachotoka kwenye mtutu wenye msokoto wa inchi 8 kwa kasi ya mita 975 kwa sekunde huzunguka mara 4,800 katika kila sekunde.

Kinachoamua msokoto unaohitajika ni urefu wa kichwa kuliko uzito wake. Mwaka 1879 George Greenhill, mwanahisabati aliyefundisha maofisa wa mizinga huko Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni inayotumika hadi leo kwa makadirio ya haraka: zidisha kipenyo kwa kipenyo, zidisha kwa 150, kisha gawanya kwa urefu wa kichwa. Jibu ni umbali ambao mifereji inapaswa kukamilisha mzunguko mmoja.

Chukua kichwa cha milimita 5.7, kipenyo cha risasi maarufu za koyote kama .223 Remington na .22-250 Remington. Kama urefu wake ni milimita 18, kanuni inatoa milimita 271, yaani inchi 10.7. Kama ni kizito, cha gramu 5 na urefu wa milimita 25, inatoa milimita 195, chini kidogo ya inchi 8. Kanuni hii ina tahadhari ndani yake, kwa hiyo kichwa chenye kasi kubwa huweza kuvumilia msokoto mlegevu zaidi kidogo. Hata hivyo inaonyesha kwa nini bunduki nyingi za zamani za .22-250, zilizotengenezwa kwa msokoto wa inchi 14, hupiga vizuri vichwa vyepesi na kushindwa kabisa na virefu.

Baridi nayo ina neno. Hewa ya baridi ni nzito zaidi, na hukisukuma kichwa kwa nguvu zaidi. Jeshi la Marekani lililigundua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960, bunduki za kwanza za AR-15 zenye msokoto wa inchi 14 zilipojaribiwa katika baridi ya nchi za kaskazini na kuonekana kuyumbisha risasi. Mwaka 1963 msokoto ulikazwa hadi inchi 12. Mwindaji wa koyote, ambaye msimu wake mkuu ni wakati wa theluji, hana budi kujiachia nafasi hiyo.

Je, basi msokoto uwe mkali kadiri iwezekanavyo? La. Vichwa vyepesi vya koyote huvikwa ganda jembamba la shaba ili vipasuke upesi ndani ya mwili. Vikirushwa kwa kasi ya .22-250 kupitia msokoto wa inchi 8, huzunguka zaidi ya mara 5,000 kwa sekunde, na baadhi husambaratika hewani kabla ya kufika. Anayetaka mtutu mmoja wa kazi zote mbili hupatanisha kwa msokoto wa inchi 8 au 9 na kichwa chenye ganda imara zaidi.

Urefu huuza kasi, ufupi huuza uthabiti

Gesi ya baruti huendelea kusukuma muda wote kichwa kikiwa ndani ya mtutu, muda unaokaribia elfu moja ya sekunde. Kwa hiyo mtutu mrefu huongeza kasi, lakini faida hupungua kila unaporefuka. Kwa risasi za kati, makadirio ya kawaida ni mita 6 hadi 12 kwa sekunde kwa kila inchi moja. Ukikata mtutu wa inchi 24 ukawa 20, unapoteza mita 24 hadi 48 kwa sekunde kutoka kwenye kasi iliyo karibu na 1,000. Kwa koyote aliye mita 200 hasara hiyo ni ndogo. Kwa shabaha ya mita 500 huonekana, kwa sababu kichwa hukaa hewani muda mrefu zaidi, na upepo hupata muda wa kukisukuma.

Kinachopatikana kwa kukata ni uthabiti. Mtutu hutikisika kila risasi inapotoka. Kupinda kwake huongezeka kwa kipeo cha tatu cha urefu, na hupungua kwa kipeo cha nne cha unene. Mtutu uliopunguzwa kutoka sentimita 61 hadi 51 huwa mgumu kupindika kwa zaidi ya asilimia 70 kuliko awali. Ukiuongezea unene kwa asilimia 10 tu, ugumu huongezeka kwa karibu asilimia 46. Ndiyo maana mtutu mfupi na mnene huweza kulenga vizuri kuliko mrefu na mwembamba, ingawa kasi yake ni ndogo. Sheria ya Marekani ya 1934 inaweka mpaka wa chini: bunduki yenye mtutu ulio chini ya inchi 16 huhitaji usajili maalumu.

Joto na koo la mtutu

Mwindaji wa koyote hupiga risasi moja au mbili, mtutu ukiwa baridi. Mpiga shabaha hupiga kumi kwa mfululizo. Chuma kikipata joto hutanuka, na mtutu mwembamba huhama kidogo kutoka kwenye mlengo wake. Mnene huchelewa kupata moto, lakini atakayeubeba kutwa nzima kwenye theluji ndiye anayelipa gharama ya uzito. Wengine hununua mitutu ya chuma chembamba iliyozungushiwa nyuzi za kaboni: ni migumu na miepesi, na bei yake ni kubwa.

Sehemu inayochakaa kwanza ni koo la mtutu, mahali kichwa kinapoingia kwenye mifereji. Hapo gesi hupita ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, huku shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa .223 likizidi mara 3,700 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Risasi ya .22-250 hupitisha baruti nyingi zaidi katika tundu lilelile, hivyo koo lake huliwa mapema. Anayefanya mazoezi mengi ya masafa marefu hunufaika na risasi inayotumia baruti kidogo na kichwa chenye umbo linalopasua hewa vizuri.

Sikio la kushoto

Hapa ndipo uchaguzi wa mtutu unapoingia hospitalini. Mlio wa bunduki ya aina hii hufikia kati ya desibeli 150 na 170, wakati kikomo cha usalama kwa mlio wa ghafla kinachotumiwa na mamlaka za afya kazini Marekani ni 140. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nishati ya sauti huzidishwa mara kumi. Mtutu mfupi huuleta mlipuko karibu na kichwa cha mpigaji, na baruti isiyokwisha kuungua humalizia moto wake nje. Kifaa chenye matundu ya pembeni kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili kupunguza teke la bunduki huzidisha madhara, kwa kuwa huirudisha sauti nyuma.

Ndani ya sikio kuna seli za vinyweleo zipatazo 16,000, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa kwa milio ya bunduki ni zile za sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000. Mwenye tatizo hili husikia kwamba watu wanaongea, lakini hatofautishi s, f na sh: akiambiwa «fika» husikia «shika». Wengine hubaki na mlio masikioni usiokwisha. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, sikio la kushoto huumia zaidi kwa sababu limeelekea mdomo wa mtutu, huku la kulia likikingwa na kichwa.

Kinga ni vizibo vya masikio pamoja na vifuniko juu yake. Mwindaji anayehitaji kusikia nyika hutumia vifuniko vya kielektroniki vinavyoruhusu sauti ndogo na kuzuia kubwa. Kiwambo cha sauti, kilichopewa hataza mwaka 1909 kwa jina la Hiram Percy Maxim, hupunguza desibeli 20 hadi 35, ingawa hakizimi mpasuko wa kichwa kinachokwenda kasi kuliko sauti. Kodi ya dola 200 iliyowekwa na sheria ya 1934 kwa kila kiwambo ilishushwa hadi sifuri kuanzia Januari 2026. Kiwambo huongeza urefu mbele ya bunduki, na hiyo ni sababu moja ya mitutu ya inchi 18 hadi 22 kupendwa kuliko ya 26.

Ndege wanaokula mabaki

Nyama ya koyote kwa kawaida hailiwi na wawindaji wa Marekani. Mzoga ukibaki nyikani, huliwa na tai na kondori. Kichwa cha risasi chenye ledi, yale madini ya sumu yaliyowahi kuwekwa kwenye petroli na rangi, huacha vipande vidogo mwilini mwa mnyama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliowapima tai 1,210 kutoka majimbo 38, uliwakuta karibu nusu wakiwa na dalili za kuathirika na ledi kwa muda mrefu. Kondori wa California, ambao mwaka 1982 walibaki 22 tu, wanauawa na ledi kuliko kitu kingine chochote wakiwa porini. Tangu Julai 2019 jimbo la California linakataza risasi zenye ledi katika uwindaji wote, wa koyote ukiwemo.

Mbadala wake mkuu ni shaba tupu. Lakini shaba ni nyepesi: gramu 8.9 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali ledi ni 11.3. Kichwa cha shaba chenye uzito uleule hulazimika kuwa kirefu zaidi, na kirefu hudai msokoto mkali zaidi. Anayenunua mtutu leo na kutarajia kutumia shaba kesho achague msokoto kwa hesabu ya shaba.

Mpangilio wa maswali

Swali la kwanza, basi, ni urefu wa kichwa utakachotumia, maana huo ndio unaoamua msokoto. La pili ni umbali wa kawaida wa kupiga. Huo huamua kama inchi za ziada za mtutu zina faida. La tatu ni idadi ya risasi kwa mfululizo, na hapo unene hujibiwa. La nne ni kinga ya masikio: ukiwa na mpango wa kufunga kiwambo, punguza urefu tangu mwanzo.

Aliye na bunduki tayari hahitaji kununua chochote ili kujua kama msokoto wake unatosha. Namba ya msokoto mara nyingi imepigwa mhuri kwenye chuma, kwa mfano 1:8 au 1:12. Kisha apige karatasi iliyo mita 100 kwa kichwa anachokusudia kutumia, ikiwezekana siku ya baridi. Matundu yakiwa ya duara, kichwa kinaruka sawasawa. Yakiwa marefu upande mmoja, kichwa kimefika kikiwa kimelala ubavu, na tiba yake ni kichwa kifupi zaidi au mtutu mwingine.