Rangi za katani, kutoka Nuu hadi Venice

Mwanamke wa Nuu, kaunti ya Kitui nchini Kenya, anayesokota uzi wa katani hahitaji meza wala mashine. Huchomoa nyuzi chache kwenye fungu lililo kando yake, akazilaza pajani, akaziviringisha kwa kiganja mpaka zishikane. Kiondo, kikapu cha kusukwa, huanzia kitakoni: nyuzi za kusimama hufungwa katikati na kutawanywa kila upande, kisha za rangi hupitishwa mbele na nyuma yake, mzunguko baada ya mzunguko. Kadiri kinavyopanuka, ndivyo nyuzi zinavyoongezwa. Kazi hiyo huweza kufanywa hata njiani kwenda sokoni, kama walivyofanya bibi zao, ingawa wao walitegemea zaidi nyuzi za gome la mbuyu na rangi za mimea.

Huku mashariki ya Mwingi mvua ya kutumainiwa ni ya Oktoba hadi Desemba. Ikikosa, kiondo ndicho unga, ndicho karo. Pengine ndiyo maana hatujazoea kukiita sanaa. Kinachouzwa kwa shida sokoni tunakiita kazi ya mikono, basi.

Mganda Acaye Kerunen ameuvuruga mpaka huo. Msanii huyu wa Kampala huchukua kazi za wanawake wasusi wa Uganda, za ukili, nyuzi za migomba na mabua ya mtama, nyingi zikiwa zimetiwa rangi kali. Huzifumua, akaziunganisha upya, akazitundika ukutani au kuzining'iniza kutoka darini, mpaka mkeka uliokuwa wa kukalia unakuwa kitu cha kuinuliwa macho. Mwaka 2022, Uganda iliposhiriki maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice, Italia, kwa mara ya kwanza ikiwa na banda lake la taifa, kazi zake zilikuwa humo pamoja na za Collin Sekajugo. Waamuzi wakalitaja banda hilo kwa heshima ya pekee. Sisi Wakenya tunyamaze kidogo: mwaka 2015 orodha ya banda letu hukohuko ilijaa wasanii wa China, na serikali ikalazimika kulikana.

Mimi sisemi kila kiondo kipelekwe Italia. Kerunen ana jicho lake. Kupanga vipande kumi vikawa umbo moja ni kazi ya msanii, na jina lake linastahili kuwa ukutani. Ila kazi yake yote imesimama juu ya maarifa ya wasusi, naye halifichi hilo. Kwetu ni kinyume. Kiondo kikishafika Nairobi na kutiwa mikanda ya ngozi, kibandiko chake hubeba jina la duka. Aliyechagua zambarau ikae karibu na chungwa, akahesabu nyuzi kichwani bila kuandika popote, amebaki kuwa “akina mama wa Ukambani”.

Kaunti ya Kitui ilifungua kiwanda cha nguo cha KICOTEC huko Syongila mwaka 2018, na mafundi wake wakashona barakoa wakati wa korona. Vizuri. Sasa kaunti hiyohiyo itafute ukumbi mmoja tu mjini Mwingi, viondo vitundikwe kutoka darini hadi sakafuni, kila kimoja na jina la aliyekisuka, kijiji chake, na bei isiyopatanwa.