Wahudumu wa Ambulensi ni Nani?

Mtoto akigongwa na bodaboda, anayehitajika kwanza ni jirani aliyesomea huduma ya kwanza. Hukandamiza kidonda kwa kitambaa safi, huzuia mtoto asiinuliwe ovyo, na hupiga 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Ambulensi ikifika, mhudumu wa dharura humpa oksijeni na kufunga mfupa uliovunjika kwa gango. Paramediki amesoma zaidi: huweka dripu na kutoa dawa njiani. Daktari huwangoja hospitalini.

Je, mwanao anaitamani kazi hii? Usimvunje moyo. Aanze na kozi ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu au St John Ambulance, kisha asomee uhudumu wa dharura, baadaye uparamediki. Nawe mama, kozi hiyo ya kwanza yakufaa pia.