Taya Lililovimba na Kromosomu ya Nane

Wasomi wenzangu, wengi wetu kromosomu tulizikariri tu: jozi 23, jumla 46, tukajibu mtihani, tukasahau. Sisi tunaosomea ualimu tukifundisha hivyohivyo tutaendeleza ugonjwa. Wakati ipo habari ya kromosomu iliyoanzia hapa hapa Afrika Mashariki, na mwalimu akiijua anaweza kuokoa mtoto.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa amtazame mtoto aliyevimba mataya pande zote. Hakuelewa. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akaona mtoto mwingine wa namna ileile. Kumbe si kioja cha mtoto mmoja! Akapekua majalada ya hospitali, na 1958 akachapisha makala juu ya saratani hiyo, ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Swali lake lilikuwa jepesi: ugonjwa huu upo wapi, na wapi haupo? Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakazunguka kama kilomita 16,000, wakiuliza hospitali moja hadi nyingine. Jibu likajitokeza: uvimbe ni mwingi penye joto na mvua, nadra nyanda za juu zenye baridi.

Mtu wa Singida anaielewa ramani hiyo bila atlasi. Ukitoka Iramba juu ukateremka mlima Sekenke kuelekea bonde la Wembere, hewa inabadilika palepale. Juu ulivaa sweta, chini unatafuta kivuli. Na penye joto mbu anastawi. Ramani ya Burkitt ilifanana na ramani ya malaria.

Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akitoa mhadhara London, akaomba vipande vya uvimbe kutoka Uganda. Mwaka 1964, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, akatangaza kuona kirusi ndani ya seli zake. Lakini kirusi hicho watu wengi duniani wanacho na hawaugui. Kulikuwa na jambo zaidi.

Jambo lenyewe lilionekana Sweden. Mwaka 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova waliona kromosomu ya 14 ina kipande cha ziada. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakaonyesha kipande hicho kimetoka kromosomu ya nane. Mwaka 1982 ikajulikana kilichohamishwa ni jeni iitwayo MYC, inayoiamuru seli igawanyike. Ilikokuwa, iliwashwa na kuzimwa kwa utaratibu. Ilikohamia, imekaa jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo kwenye seli hizo hazipumziki. Ni kama karasha la machimboni Sekenke lililong'olewa swichi: linasaga tu, usiku na mchana.

Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha seli za kinga kuzaliana mno, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kromosomu kukatika vibaya. Kirusi nacho huisaidia seli iliyoharibika isife. Hitilafu hiyo hutokea ndani ya seli za mtoto mwenyewe. Hakuirithi kwa mama wala baba, na hakuna aliyemroga.

Hapa ndipo mwalimu anapoingia. Uvimbe huu unaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Vijijini mtoto akivimba taya, jino ndilo linalaumiwa. Litang'olewa, dawa ya mizizi itapakwa, wiki zitapita. Ilhali saratani hii inasikia dawa kuliko nyingi. Burkitt mwenyewe, miaka ya 1960, aliona watoto wakipona kwa dozi chache, na 1967 Mulago ikapata kituo ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kwetu, Muhimbili na Bugando wanaitibu.

Kwa hiyo mkienda fildi, mkamwona mwanafunzi mwenye taya au tumbo linalovimba haraka, meno yanayolegea bila kuoza, au jicho linalosukumwa nje, msingoje likizo. Mwiteni mzazi siku hiyohiyo, aende zahanati, na aombe rufaa. Somo la kromosomu litaendelea kesho.