Kondoo Ajuaje Majira?

Kondoo wa kwetu huzaa mwezi wowote, maana karibu na ikweta mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima. Huko Ulaya sivyo. Mwana-kondoo akizaliwa katikati ya baridi aweza kufa, na majani ya kumpa mama maziwa ni haba. Nani basi amwonyesha kondoo wakati wake? Ni giza! Usiku, tezi ndogo ubongoni humimina katika damu homoni, yaani mjumbe wa mwili, iitwayo melatonini. Usiku ukirefuka, melatonini hukaa saa nyingi zaidi. Ndipo jike humkubali dume. Akipandwa mwezi wa 10, huzaa mwezi wa 3, majani yakichipuka. Farasi hubeba mimba miezi 11. Yeye hungoja siku ndefu.