Mkwaruzo wa gitaa kwa masikio yako peke yako

Chumba cha kupanga, chenye ukuta mmoja tu kati yako na mtoto wa jirani aliyelala, si mahali pa kupigia gitaa la umeme kwa sauti ya jukwaani. Ndiyo maana wapiga gitaa wenye mkono wa ufundi hujitengenezea amplifaya ndogo ya hedifoni, inayotumia betri ya volti 9 na kuenea kwenye kiganja. Sauti safi haileti shida. Tabu huanza pale mtu anapotaka ovadraivu, ule mkwaruzo unaoifanya noti ivute na kunguruma. Anachukua mchoro wa kwanza anaokutana nao, anaunga vipuri, anavaa hedifoni, na kinachomjia ni mlio wa nyigu ndani ya kopo.

Niseme mapema ninachokiamini. Kwa hedifoni, mkwaruzo uzaliwe mwanzoni mwa saketi, uwe wa kiasi, na uchujwe kabla haujafika masikioni. Watu hubishana usiku kucha kuhusu aina ya dayodi, kumbe kichujio cha rezista moja na kapasita moja kina uzito zaidi.

Ovadraivu ni wimbi lililokatwa vilele. Uzi wa gitaa hutoa wimbi lenye vilele vya mviringo. Saketi ikizidiwa, vilele hivyo husawazishwa, na kila pembe inayojitokeza huzaa sauti za juu ambazo hazikuwepo kwenye uzi. Mwaka 1958 Link Wray alirekodi "Rumble" akiwa ametoboa matundu kwenye spika ya amplifaya yake ili apate mkwaruzo huo. Mwaka 1962 Maestro ikaleta FZ-1, kisanduku cha transista tatu kilichofanya kazi hiyo bila kuharibu spika ya mtu. Ila sauti za vifaa hivyo zilipitia spika za gitaa, za inchi 10 au 12, ambazo juu ya 5 kHz huanza kunyamaza. Spika yenyewe ilikuwa inakata ukali. Hedifoni zinafika 20 kHz, na kila pembe iliyokatwa vibaya zinakuletea moja kwa moja sikioni.

Sasa tuangalie saketi zenyewe. Njia fupi kuliko zote ni aisii ya LM386 peke yake. Ina miguu minane, inakubali volti 4 hadi 12, na ukuzaji wake ni mara 20. Ukiweka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8, unapanda hadi mara 200. Ukilisha gitaa humo, inakwaruza yenyewe. Amplifaya nyingi za mfukoni zimejengwa hivyo, na kwa spika ndogo zinapendeza. Kwa hedifoni siipendekezi, kwa sababu LM386 hukata wimbi pale inapofika mwisho wa nguvu zake. Maana yake mkwaruzo na kelele vinakuja pamoja: ukitaka ule mngurumo, lazima aisii iwe inasukuma kwa nguvu zote, na zote zinaelekea kwenye ngoma za masikio yako. Tena mlango wake wa kuingilia una ukinzani wa kiloomu 50 tu, mzigo mzito kwa pikapu ya gitaa, ambayo hupoteza sauti zake za juu na kusikika kama imefunikwa blanketi.

Njia ya pili ni transista moja, kama 2N3904, ikifuatiwa na dayodi mbili zilizogeuziana migongo kutoka kwenye njia ya sauti hadi ardhini. Vipuri havizidi kumi na kitu. Dayodi za silikoni kama 1N4148 huachia umeme kwenye volti 0.6 hivi, na chochote kinachozidi hapo kinatupwa ardhini. Ukataji huu ni wa shoka. Mpiga roki anayetaka ukuta wa sauti ataufurahia. Anayepiga kwa vidole ataona kwamba kupiga kwa upole na kupiga kwa nguvu vinakaribia kufanana.

Ninayoichagua mimi ni ya tatu: opampu yenye dayodi ndani ya mzunguko wa marejesho, yaani dayodi zinazounganisha mguu wa kutokea na ule mguu wa kuingilia unaogeuza. Huu ndio moyo wa Tube Screamer, kisanduku alichobuni Susumu Tamura na ambacho Ibanez ilianza kukiuza kwa jina la TS808 mwaka 1979. Dayodi zinapofunguka, ukuzaji unashuka kuelekea mara 1, hauzimiki. Wimbi la asili la gitaa linaendelea kupita juu ya lile lililokatwa, na kwa sababu hiyo mkono wako bado unasikika. Mle ndani kuna rezista ya kiloomu 4.7 na kapasita ya nanofaradi 47 zinazoelekea ardhini, na hesabu yake inatoa 720 Hz: chini ya hapo besi inakuzwa kidogo, hivyo haileti matope.

Kisanduku cha asili kina kidhibiti cha kiloomu 500 kilichoungwa mfululizo na rezista ya kiloomu 51, na ukuzaji wake hufika karibu mara 118. Kwa hedifoni ni mwingi mno. Weka kidhibiti cha kiloomu 100 badala yake. Utapata kati ya mara 12 na 33, na humo ndimo ulimo utamu. TL072 inatosha, inapatikana kirahisi, na ina opampu mbili ndani ya ganda moja. Mguu usiogeuza upate rezista ya megaomu 1 kwenda kwenye volti 4.5, nusu ya betri, na pikapu yako itapumua.

Kuna sababu nyingine ya kutaka mkwaruzo wa kiasi, na inawahusu hasa wanaojifunza rumba na dansi. Mtindo wa kupiga nyuzi mbili kwa pamoja, ule aliojulikana nao Franco Luambo, unahitaji noti mbili zisikike kila moja kwa nafasi yake. Saketi inayokata sana haiziachi. Piga noti ya 220 Hz na juu yake ile ya sita, ya 370 Hz. Dayodi zitazaa, pamoja na nyinginezo, 520 Hz na 70 Hz. Hiyo ya 70 iko chini ya uzi mnene kabisa wa gitaa, wenye 82 Hz. Hukuipiga, lakini utaisikia ikikoroma chini ya sebene yako. Ukuzaji ukiwa mdogo, mkoromo huo unafifia.

Sasa kichujio. Baada ya dayodi weka rezista ya kiloomu 10, kisha kapasita ya nanofaradi 3.3 kwenda ardhini. Mpaka wake ni karibu 4.8 kHz. Opampu ya pili ya TL072 ipokee sauti hiyo bila kuikuza, halafu weka kichujio cha pili kama hicho hicho. Tofauti utaisikia papo hapo: nyigu anatoka, gitaa linabaki. Tom Scholz, mhandisi aliyesoma MIT na mpiga gitaa wa bendi ya Boston, aliweka wazo hilo hilo la kuiga ukomo wa spika katika Rockman, amplifaya yake ya hedifoni ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wengi waliingia nayo studio.

LM386 sasa inarudi kwa kazi inayoiweza, kusukuma hedifoni. Acha mguu wa 1 na wa 8 wazi, ibaki na mara 20. Kabla ya kidhibiti cha sauti cha kiloomu 10 weka rezista ya kiloomu 100, la sivyo utaizidishia na itaanza kukwaruza kwa namna yake. Kwenye mguu wa kutokea usisahau omu 10 na nanofaradi 47 kwenda ardhini, zinazoizuia isipige mluzi yenyewe, pamoja na kapasita ya mikrofaradi 220. Kisha, kwenye njia ya kwenda jeki, weka rezista ya omu 100.

Rezista hii nawasihi msiiache. Hedifoni nyingi zenye omu 32 hutoa karibu desibeli 100 kwa miliwati 1 tu, nayo LM386 ina uwezo wa mamia ya miliwati. Omu 100 zinaishusha hadi miliwati chache kwa kila sikio, na zinapunguza pia ule mvumo wa aisii unaosikika unapoacha kupiga. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu.

Anayetaka kujaribu dayodi nyingine atafute redio ya zamani iliyokufa kwa fundi. Karibu na koili za kati kuna kidude cha kioo chenye mstari mmoja. Mara nyingi ni dayodi ya jermaniamu. Weka mita kwenye alama ya dayodi: ya silikoni itasoma karibu 0.6, hii itasoma 0.3 au pungufu. Hukata mapema na sauti yake ni ndogo zaidi. Ninaipenda, ila ibadilishe baada ya vichujio kukaa sawa, vinginevyo hutajua unasikia nini.

Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, teremsha kidhibiti cha sauti hadi mwisho, washa hedifoni zikiwa mezani, subiri ule mshindo wa kapasita upite, ndipo uzivae.