Mti wa Ngoma na Sauti Yake

Bila shaka kijijini kwako kipo kikundi cha ngoma. Ngoma hupigwa arusini, hupigwa mavuno yakiisha, hupigwa mgeni akija. Watu wengi wanajua kuicheza. Wachache wanajua kwa nini ngoma moja huvuma mpaka ng'ambo ya mto, na nyingine ya ukubwa ule ule hulia kama debe lililojazwa nguo.

Jambo hili si dogo. Ngoma kubwa ya gogo zima hugharimu fedha nyingi, na fedha hizo ni za wanakikundi wote. Tena gogo lile ni mti uliokua kwa miaka mingi. Fundi akichagua mti vibaya, au akiukausha vibaya, fedha zimepotea na mti umepotea.

Kwanza tuone ngoma inavyolia. Chukua ngoma, nyunyiza punje chache za mtama juu ya ngozi, kisha ipige polepole kwa kidole. Utaona punje zinarukaruka. Ngozi inatikisika. Inapotikisika huisukuma hewa iliyo ndani ya ngoma na hewa iliyo nje. Mtikisiko huo husafiri katika hewa mpaka sikioni mwako. Hiyo ndiyo sauti.

Basi mti hufanya kazi gani? Mti ni nyumba ya hewa ile, na ni mkono unaoishika ngozi. Fikiri mpira wa watoto. Ukiudundisha juu ya sakafu ya saruji, unaruka tena na tena. Ukiudundisha juu ya mchanga, unatulia palepale. Sauti nayo ni hivyo. Ndani ya ngoma yenye kuta ngumu na laini, sauti hugonga ukuta na kurudi na nguvu zake. Ndani ya ngoma yenye kuta dhaifu, au zenye nyuzinyuzi na mashimo, ukuta hula sehemu ya nguvu hizo. Sauti hufa upesi.

Lakini usikimbilie kusema kwamba mti ndio kila kitu. Darasani nimesikia watu wakibishana juu ya mti mpaka jioni, na ngozi wameisahau. Ngozi ndiyo ya kwanza. Ngozi iliyolegea hutoa sauti nzito ya chini. Ngozi iliyokazwa hutoa sauti ya juu. Ndiyo sababu wapigaji huota ngoma motoni: ngozi hukauka na kukaza. Halafu kuna ukubwa. Ngoma pana yenye kina kirefu hunguruma, ngoma ndogo hulia kwa ukali. Mti hauwezi kuigeuza ngoma ndogo iwe kubwa. Mti huamua mambo mengine: sauti iwe safi au ya kukwaruza, idumu kidogo au ife mara moja, na ngoma yenyewe iishi miaka mingapi.

Marimba ni tofauti. Katika marimba unapiga mbao zenyewe, kwa hiyo mbao ndiyo inayolia. Mti mbaya, marimba mbaya, basi.

Sasa mtu atauliza: kama ukuta mgumu ni mzuri, kwa nini tusichonge ngoma zote kwa mpingo? Mpingo ni mgumu kweli. Ni mzito hata huzama majini. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu huzidi kilo 1,000. Mafundi wa Ulaya huununua ili kutengeneza klarineti na zumari zao. Lakini shina la mpingo kwa kawaida ni jembamba na limepinda, na mara nyingi moyo wake una mashimo. Tezo huteleza juu yake. Na hata ukipata gogo nene, nani atalibeba mpaka uwanjani?

Tazama majirani zetu wa Burundi. Ngoma zao kubwa zinajulikana dunia nzima, na mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo huo wa ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu. Wapigaji huingia uwanjani wakiwa wamebeba ngoma hizo vichwani, huku wakizipiga. Ngoma hizo huchongwa kwa mti ambao Warundi huuita umuvugangoma, maana yake mti unaoifanya ngoma iseme. Ni mti gani huo? Ni ule ule tunaouita mringaringa huku kwetu Kilimanjaro na Meru, ule wenye maua meupe, unaotoa kivuli katika mashamba ya kahawa na kuchongwa mizinga ya nyuki. Baganda nao huutumia kwa ngoma zao. Mafundi wa kijiji cha Mpambire, karibu na Mpigi kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, wamejulikana kwa kazi hiyo tangu zamani.

Mringaringa si mti mgumu sana. Uzito wake ni karibu nusu ya mpingo, au pungufu. Mbona basi unavuma? Mafundi huacha ukuta mnene. Ukuta mnene wa mti mwepesi hautikisiki ovyo, nao unabebeka. Ukuta mwembamba wa mti huo huo ungetikisika pamoja na ngozi na kuila sauti. Ukiwa na mti mgumu zaidi, kama mkongo au mninga, ukuta unaweza kupunguzwa. Kwa hiyo usiulize tu, "Ni mti gani?" Uliza pia, "Ukuta una unene gani?"

Kule India ya kusini ngoma iitwayo mridangamu huchongwa kwa mfenesi, mti uliotoka huko na ambao leo tunaujua sana Unguja na pwani. Dramu za bendi za dansi hazichongwi katika gogo. Hutengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka na kukunjwa duara. Wapigaji wa dramu hubishana juu ya miti ya Ulaya na Marekani kama sisi tunavyobishana juu ya mkongo na mringaringa.

Lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kukausha. Gogo bichi limejaa maji. Likiachwa juani, nje hukauka na kusinyaa wakati ndani bado kuna maji. Nje inabana, ndani inakataa, na gogo linapasuka. Fundi hodari huanza kulitoboa gogo lingali bichi na kuutoa moyo wake wote. Huacha ukuta mnene kuliko anaoutaka. Kisha hupaka kinyesi cha ng'ombe au mafuta kwenye ncha zake mbili, maana maji hutoka upesi zaidi mahali hapo, na huliweka kivulini. Hungoja wiki nyingi, pengine miezi. Baada ya hapo ndipo humaliza kuchonga. Fundi anayekuahidi ngoma ya gogo bichi kwa siku tano, mwogope.

Ufa ukitokea, hewa huvuja na mti hukwaruzana wenyewe. Ngoma hutoa mlio wa kutetemeka kama mbawa za nyuki chupani. Ngozi mpya haitaondoa mlio huo.

Kabla kikundi chako hakijalipa, nendeni mkaione ngoma kabla haijawambwa. Igongeni kwa kifundo cha kidole pande zote. Mti mkavu mzima hujibu kwa mlio wazi. Penye maji au uozo hujibu kwa mlio uliokufa. Mmoja aingize tochi ndani usiku, wengine watazame nje kama mwanga unapenya. Kisha pitisheni kiganja juu ya mdomo wa ngoma. Ukingo uwe sawa kote, usiwe na bonde wala mwinuko, kwa sababu ngozi haiwezi kukaza sawasawa juu ya ukingo uliopinda.

Na kama mti haujakatwa bado, nendeni kwanza serikali ya kijiji na kwa ofisa misitu mkaombe kibali, maana miti mingi ya mbao nzuri haikatwi ovyo. Mringaringa huota kwa mbegu. Okoteni mbegu chini ya mti wakati matunda yanapokauka, mzioteshe kitaluni, na mpande miche mvua za masika zikianza.