Je, Wajua? Waliojifundisha Hisabati kwa Picha

Wengi wanaojisomea hisabati na fizikia ya juu hukata tamaa fomula zinapoanza kujaa ukurasa. Hata hivyo, baadhi ya mawazo mazito ya sayansi yaliletwa na watu waliojifundisha wenyewe, na mara nyingi waliyaona kwa macho kabla ya kuyakokotoa.

Je, wajua kwamba Michael Faraday, aliyegundua mwaka 1831 kanuni inayoendesha jenereta, hakuijua hisabati ya juu? Akiwa na miaka 14 aliingia kujifunza kazi ya kujalidi vitabu jijini London, na vitabu vilivyoletwa kujalidiwa ndivyo alivyovisoma. Alipotazama unga wa chuma ukijipanga kwa mistari iliyopinda kuizunguka sumaku, aliamini kwamba nguvu imeenea katika nafasi yote inayoizunguka.

Je, wajua kwamba mistari hiyo ya Faraday ndiyo iliyozaa milinganyo ya umeme na sumaku ya James Clerk Maxwell? Mwaka 1865 ilikuwa 20. Oliver Heaviside, aliyeacha shule akiwa na miaka 16 na kufanya kazi ya simu za maandishi, alikisoma kitabu cha Maxwell peke yake. Kufikia mwaka 1885 alikuwa ameifupisha milinganyo hiyo kwa vekta hadi minne, na ndiyo inayofundishwa vyuoni leo.

Je, wajua kwamba namba *i*, ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa −1, inaweza kueleweka kwa kugeuka tu? Mwaka 1797 mpima ardhi Caspar Wessel, mzaliwa wa Norway, alionyesha kwa mchoro kwamba kuzidisha kwa namba hiyo ni kugeuka nyuzi 90. Simama ukitazama mashariki, upande wa namba chanya. Geuka nyuzi 90 kushoto, kisha 90 tena. Sasa unatazama magharibi, upande wa namba hasi: hiyo ndiyo −1.

Je, wajua kwamba Sophie Germain wa Ufaransa alitumia jina la mwanamume, LeBlanc, ili apate masomo ya chuo kilichokuwa hakipokei wanawake? Baadaye wanasayansi wa Paris walistaajabia mchanga uliojichora maumbo juu ya bamba la chuma linalotetemeka, ikatangazwa tuzo kwa atakayetoa maelezo ya kihisabati. Germain aliipata mwaka 1816, katika jaribio lake la tatu.

Je, wajua kwamba mwaka 1910 mwanafizikia Silvanus Thompson alichapisha kitabu cha kuwaondolea watu hofu ya kalkulasi? Alieleza kwamba *d* maana yake ni “kipande kidogo cha”, na alama ∫, ile S ndefu, ni “jumla ya”. Kwa hiyo, ikiwa *x* ni njia, *dx* ni kipande kidogo cha njia hiyo. Ukijumlisha vipande vyote, umepata safari nzima.

Je, wajua kwamba mwanafizikia Richard Feynman, aliyejifunza kalkulasi mwenyewe akiwa kijana, alipoonyesha michoro yake ya chembe mwaka 1948 wakubwa wa fizikia hawakuridhika? Mwaka uliofuata Freeman Dyson alichapisha uthibitisho kwamba michoro hiyo na hesabu ndefu za mwanafizikia mwenzake Julian Schwinger hutoa majibu yaleyale.

Je, wajua kwamba hisia peke yake, bila uthibitisho, huweza kupotosha? Srinivasa Ramanujan wa India alijifunza kutoka kitabu chenye kanuni zipatazo 5,000, nyingi bila uthibitisho. Barua aliyomwandikia mwanahisabati wa Uingereza G. H. Hardy mwaka 1913 ilijaa maajabu, lakini baadhi ya madai yake kuhusu namba tasa hayakuwa sahihi.

Basi, unayejisomea, usianze kwa kukariri fomula. Ichore kwanza mpaka uone inasema nini, kisha ikokotoe uhakikishe kwamba macho yako hayajakudanganya.